Maziwa Yakikataliwa Kituoni: Fahamu Kipimo cha Uchachu

Mfugaji hufikisha mtungi wake kwenye kituo cha kukusanya maziwa, kisha akaambiwa maziwa yamechacha na hayawezi kupokelewa. Kwa macho, maziwa ni meupe na hayajaganda. Ni rahisi kudhani ameonewa. Hata hivyo, kuna kipimo kinachoonyesha uchachu kwa tarakimu, na ni vyema kila mfugaji akielewe.

Kwa nini maziwa huchacha?

Maziwa yana sukari ya asili iitwayo laktosi. Bakteria wanaotoka kwenye mikono, viwele au mitungi michafu huitumia sukari hiyo na kutoa asidi ya laktiki. Kadiri maziwa yanavyokaa bila kupozwa, ndivyo asidi inavyozidi. Maziwa mabichi yaliyo mazuri huonyesha uchachu wa takriban asilimia 0.14 hadi 0.18. Uchachu ukipanda zaidi, maziwa huweza kukatika yakichemshwa, na hayafai kusindikwa.

Uchachu hupimwaje?

Asidi na besi zikikutana, moja huimaliza nguvu nyingine. Mpimaji huchukua mililita 9 za maziwa na kutia matone machache ya fenolfthalini, dawa isiyo na rangi ndani ya asidi lakini inayogeuka waridi besi ikizidi. Kisha hudondosha haidroksidi ya sodiamu, ambayo ni besi, kutoka kwenye bureti huku akitikisa chupa. Besi hiyo huwa na ukolezi wa moli 0.1 kwa lita. Rangi ya waridi hafifu ikitokea na kudumu kwa nusu dakika, asidi imekwisha.

Hesabu yake ni nyepesi: mililita za besi zilizotumika hugawanywa kwa 10. Zikitumika mililita 1.7, uchachu ni asilimia 0.17, na maziwa ni mazuri. Zikitumika 2.4, uchachu ni asilimia 0.24, na maziwa yamechacha.

Tarakimu ya chini sana nayo si habari njema. Ikiwa chini ya 0.14, huenda ng'ombe ana ugonjwa wa kiwele, au maziwa yametiwa maji au magadi. Magadi hupunguza asidi tu. Hayaui bakteria wala kuyarudisha maziwa yaliyoharibika.

Je, kipimo kinaweza kukosea?

Ndiyo. Chupa ya besi ikiachwa wazi, besi hunyonya hewa ya kaboni dioksidi na kupungua nguvu. Hapo hutumika mililita nyingi zaidi, na maziwa mazuri huonekana yamechacha. Mfugaji mwenye shaka aombe kipimo kirudiwe mbele yake, kwa besi iliyotayarishwa upya.

Mfugaji afanye nini?

• Anawe mikono na kuosha kiwele kwa maji safi kabla ya kukamua.
• Atumie mitungi ya aluminiamu au chuma kisichoshika kutu; mikwaruzo ya plastiki huficha uchafu.
• Asichanganye maziwa ya jioni na ya asubuhi. Lita chache zilizochacha huharibu mtungi mzima.
• Afikishe maziwa kituoni ndani ya saa mbili au tatu baada ya kukamua.

Maziwa yakikataliwa mara kwa mara, mfugaji amwone afisa wa mifugo wa wadi yake ili chanzo kitafutwe mapema.