Pesa za Paa na Mbolea ya Machi

Machi ni mwezi mgumu Kitale. Mahindi ya mwaka jana yameshauzwa, mvua inakaribia na kila mkulima anahangaikia mbolea ya kupandia. Tuchukulie mweka hazina wa kanisa dogo. Pesa za harambee ya paa ziko kwenye M-Pesa yake, maana benki iko mbali. Hajaiba maishani mwake. Siku moja, akiwa amepungukiwa na bei ya mfuko mmoja tu, wazo linampitia: hizi zimelala bure.

Wazo hilo bado si dhambi. Yesu mwenyewe alijaribiwa jangwani. Yakobo, katika sura ya kwanza ya waraka wake, anafuata safari ya kutoka wazo hadi mauti kama ukoo: tamaa inatunga mimba, inazaa dhambi, na dhambi ikikomaa inazaa mauti. Karne ya 6, Papa Gregori Mkuu alitaja hatua nne: wazo kuingia, moyo kulifurahia, nia kukubali, kisha mtu kuwa na ujasiri wa kujitetea.

Nakubaliana naye, ila kwa niliyoyaona katika uchungaji, utetezi hauji mwisho. Unaanza mapema sana, na ndio unaoufungulia mkono njia. Mweka hazina hajiambii kwamba anaiba. Anajiambia anaazima, atarudisha Desemba akivuna. Na kweli, harambee imechukua miezi yake mingi ya kujitolea. Mchuuzi wa maharagwe kule Chwele, Bungoma, aliyebonyeza kitako cha gorogoro, mkebe wake wa kupimia, naye ana maneno yake: wenzangu wote wanapima hivyo, na watoto wangu watakula nini?

Jambo ninaloliogopa zaidi ni mkopo wa kwanza kurudishwa salama. Hakuna aliyejua, hakuna aliyeumia, na dhamiri imejifunza kunyamaza. Muhula wa pili wa shule ukifunguliwa, karo inachukuliwa kwenye pesa hizo hizo bila mjadala mrefu. Halafu mavuno yanakuwa mabaya, kanisa linaomba hesabu, na sasa daftari linaandikwa uongo. Daudi alipita humo humo. Alibaki Yerusalemu wakati jeshi liko vitani, akamwona Bathsheba, akaulizia habari zake, akaagiza aletwe. Uria, mume wa Bathsheba, aliuawa kwa sababu siri ilikuwa tayari inahitaji kulindwa.

Ndiyo maana nauheshimu Uamsho wa Afrika Mashariki, uliotoka Rwanda na Uganda na kuingia Kenya mwaka 1937. Ndugu wa Uamsho walizoea kuungama mbele ya wenzao, wakakuita kutembea nuruni. Kuna waliopitiliza, wakaanika mambo ambayo yalipaswa kubaki kwa mchungaji na mtu mmoja. Hata hivyo walijua kwamba wazo likisemwa mbele ya ndugu unayemwamini, lile la "nitaazima tu" linashindwa kujitetea. Aliyesema jioni ile ile, "Ndugu, nimezitazama pesa za paa," hajachelewa.

Wazee wa kanisa nao wasijitoe lawamani. Wanamwachia mtu mmoja simu yenye pesa za wote, wakijua shamba lake halina mbolea, kisha wanashangaa Desemba. Pesa ziwekwe mahali panapohitaji sahihi za watu watatu, na mweka hazina aulizwe mwezi wa Februari kama ameshapata ya kupandia.