Kisu cha Kukunja Chenye Kufaa

Mtu wa Salama, au penginepo Ukambani, atakaye kununua kisu chake cha kwanza cha kukunja kwa fedha chache, asivutwe na mpini wa kung'aa. Na akifungue, alishike bapa na kulitikisa: likicheza katika msumari wake, kisu hicho hakifai hata kwa bei ya kutupa. Jambo kubwa ni kizuizi, kwani kisu kisicho nacho huweza kujikunja katika kukata kamba ya katani, kikamkata mwenyewe vidole. Okapi cha pete, ambacho asili yake ni Ujerumani mwaka 1902 na siku hizi hutengenezwa Afrika ya Kusini, hakikunjiki mpaka pete ivutwe. Chuma chake hunoleka upesi kwa jiwe, lakini hushika kutu. Baada ya kukata embe sharti kifutwe, kisha kitiwe mafuta kidogo.