Mbele na Nyuma ya Wakati

Wakati hauonekani kwa macho wala haushikiki kwa mkono. Hata hivyo, ni vigumu kuuzungumza bila kuupa mahali. Husemwa kwamba juma limepita na mwezi unakuja, kana kwamba vina miguu. Muda huitwa mrefu au mfupi, kama kamba. Wataalamu wengi wa saikolojia na isimu wanaona kuwa hilo si pambo la lugha tu. Ni njia ambayo akili huitumia kufikiri juu ya kisichoonekana kwa msaada wa kinachoonekana.

Kiswahili kina fumbo katika jambo hili. Wakati ujao huitwa "siku za usoni", yaani uko mbele ya mtu. Yaliyopita yako "huko nyuma". Lakini wazee waliokufa huitwa "waliotutangulia", na atanguliaye njiani yuko mbele. Wajukuu nao ni "watakaotufuata", na afuataye yuko nyuma. Je, wakati ujao uko mbele au nyuma?

Tumfikirie mkazi wa Nsemulwa, mjini Mpanda, aliyepanda garimoshi kwenda Tabora. Kwake Kaliua iko mbele, Urambo iko mbele zaidi, na Mpanda inabaki nyuma. Hapa kipimo ni msafiri mwenyewe: asikofika bado ndiko mbele. Sasa tumtazame mtu aliyesimama kando ya reli hiyo hiyo. Injini hupita kwanza, mabehewa hufuata. Injini iko mbele, nayo imekwisha kupita; behewa la mwisho liko nyuma, nalo bado halijafika. Hapa kipimo si mtazamaji, bali ni mpangilio wa vitu vyenyewe: kilichotangulia ndicho cha mbele. Garimoshi ni moja, ramani ni mbili. Kiswahili hutumia zote mbili, wala hakijipingi.

Kuchanganya ramani hizo kuna hasara. Tangazo likisema kuwa mkutano wa Jumatano "umesogezwa mbele siku mbili", Waswahili wengi huelewa Ijumaa. Sentensi ya Kiingereza inayokaribiana na hiyo huwagawa wasikilizaji: baadhi husema Jumatatu, wengine Ijumaa. Mwaka 2002, Lera Boroditsky na Michael Ramscar walieleza majaribio waliyoyafanya, yakiwamo ya abiria wa reli. Waliokuwa karibu na mwanzo au mwisho wa safari walielekea zaidi kujibu Ijumaa kuliko waliokuwa katikati. Fikra ya safari ilikuwa imegusa fikra ya wakati.

Wala ramani hizo si za wanadamu wote kwa namna moja. Waaymara wa milima ya Andes, kama walivyoeleza Rafael Núñez na Eve Sweetser mwaka 2006, huyaweka yaliyopita mbele, kwa kuwa yamekwisha kuonekana, na yajayo mgongoni. Huko Pormpuraaw, Australia, watu walioombwa kupanga picha za matukio kwa mfuatano walielekea kuzipanga toka mashariki hadi magharibi, hata walipogeuzwa upande.

Ndiyo maana inafaa kuwa na hadhari mtu anapohukumu fikra za watu kwa maneno yao machache. Mwaka 1969 John Mbiti wa Kenya, akitumia maneno ya Kiswahili "Sasa" na "Zamani", alidai kuwa katika fikra za jadi za Kiafrika wakati ujao wa mbali karibu haupo. Alitegemea hasa vitenzi vya Kikamba na Kikikuyu, na wanafalsafa wengine wa Kiafrika walimpinga. Kuwatazama waliotangulia si kukosa kesho. Mkulima apandaye mwembe ambao matunda yake yataliwa na wajukuu anajua vyema kuwa wako watakaofuata, ingawa lugha yake imewaweka nyuma yake katika msafara.

Mwalimu anayechora mstari wa historia ubaoni, kushoto yaliyopita na kulia yajayo, anawafundisha wanafunzi ramani moja zaidi, iliyotokana na mwelekeo wa maandishi yetu. Ni vema awaambie hivyo. Naye karani anayeandika tangazo la mkutano, badala ya "mbele" au "nyuma", na ataje tarehe.