Picha ya Mtoto Mchanga: Ifike kwa Familia, Isifike kwa Matapeli

Mtoto akizaliwa Pumwani saa tisa usiku, kufikia saa kumi na mbili asubuhi picha yake ishafika Kakamega kwa nyanya, Mombasa kwa mjomba na Doha kwa shangazi anayefanya kazi huko. Hakuna aliyepanda basi. Na mara nyingi jibu hurudi kwa njia ya simu hiyo hiyo: huyu anatuma mia tano ya uji wa mama, yule elfu moja ya nepi, na shangazi wa Doha anauliza, "Nitume kwa laini gani?"

Hapo ndipo sisi tunaingia. Kwa Mkenya wa kawaida, nambari inayopokea pongezi kwenye WhatsApp ndiyo hiyo hiyo inayopokea pesa. Kwa hivyo mtu akishapata picha ya mtoto, jina la mama, jina la hospitali na nambari yako, ana kila anachohitaji kukupigia simu na kusikika kama mtu anayekujua.

Hatusemi umfiche mtoto. Furaha ya mtoto ni ya ukoo mzima, na nyanya aliye mbali ana haki ya kumwona mjukuu wake. Tunachosema ni kwamba kuna tofauti kati ya kumwonyesha nyanya na kuwaonyesha watu wote waliowahi kuhifadhi nambari yako: fundi wa maji, dalali wa nyumba ya zamani, mteja wa mwaka juzi.

Picha moja inasema mengi

Hebu chukua picha ya kwanza uliyopiga hospitalini, uikuze kwenye skrini. Kwenye mkono au mguu wa mtoto kuna mkanda wenye jina la mama na tarehe. Kando ya kitanda kuna kadi yenye kilo na saa ya kuzaliwa. Pengine kitabu cha kliniki kiko wazi mezani, na ndani yake mna nambari yako ya simu. Wewe uliona mtoto tu. Tapeli anasoma karatasi.

Siku mbili baadaye simu inalia. "Hongera mama! Tunapiga kutoka ofisi ya malipo ya hospitali. Mtoto wako wa kilo tatu nukta mbili, aliyezaliwa Jumanne, bima imelipa zaidi na kuna pesa za kukurudishia. Tutumie nambari sita zilizoingia kwa simu yako sasa hivi." Mama amelala saa mbili usiku kucha, mtoto analia, na huyu mtu anajua hata kilo. Ni rahisi sana kuamini.

Kwa hivyo kabla ya kutuma, kata picha ibaki uso tu, au funika mkanda kwa kidole unapopiga. Zima pia huduma ya mahali kwenye kamera ya simu yako. Simu nyingi huandika ndani ya picha mahali ilipopigwa, na ukituma picha kama faili kamili au ukiiweka kwenye albamu ya mtandaoni, maelezo hayo yanaweza kusafiri nayo hadi mlangoni kwako.

Na mtu yeyote akikuuliza PIN au nambari za siri zilizotumwa kwa simu yako, kata simu. Hata akisema anatoka kwetu. Sisi hatuna haja ya PIN yako, na hatutawahi kuiuliza.

PIN ya siku ya kuzaliwa

Wazazi wengi hupenda kubadilisha PIN mtoto akizaliwa. Aliyezaliwa tarehe 14 Machi anakuwa 1403. Ni tarehe ambayo huwezi kuisahau, na inapendeza kila ukilipa dukani.

Shida ni kwamba tarehe hiyo hiyo umeiandika chini ya picha, na kila mwaka marafiki wataiandika tena na keki. Mtu akiiba simu yako kwenye matatu, hatahitaji kubahatisha sana. Atajaribu tarehe ya mtoto, kisha mwaka wake, kisha mwaka wako. Ikiwa PIN yako inatokana na siku ya kuzaliwa ya mtu yeyote nyumbani, ibadilishe leo. Chagua tarakimu ambazo hazina hadithi.

Kikundi kidogo, mlango mmoja

Kikundi cha ukoo chenye watu mia moja na hamsini si mahali pa picha za mtoto. Kila aliyemo anaona nambari za wote. Humo mna binamu ambaye simu yake iliibiwa Desemba na hakuna aliyemwondoa, na mna watu walioingia kwa kiungo kilichotumwa wakati wa harusi ya mwaka jana.

Fungua kikundi kipya, cha watu ambao ungewakabidhi mtoto wamshike. Ukiwahesabu kwa vidole na wakakutosha, hiyo ndiyo idadi. Kwenye mipangilio ya kikundi, weka kwamba wasimamizi pekee ndio wanaoweza kuongeza watu, na usitumie kiungo cha kualika. Ongeza kila mtu wewe mwenyewe.

Kama unapenda kuweka picha kwenye status, ingia sehemu ya faragha uchague watu mahususi watakaoiona, badala ya kuacha ionekane na kila mtu uliyehifadhi nambari yake. Na kama uso wa mtoto ndio picha ya wasifu wako, hakikisha haionekani na kila anayekuwa na nambari yako. Iko pia njia ya kutuma picha inayofunguka mara moja tu, ingawa mtu akitaka bado anaweza kuipiga kwa simu nyingine.

Ujumbe wa WhatsApp unafungwa njiani, kwamba anayeusoma ni mtumaji na mpokeaji. Lakini ukishafika, aliyeupokea anaweza kuusambaza apendavyo. Ulinzi wa picha basi ni tabia ya watu uliowapa.

Utamwambiaje mama mkwe?

Hapa ndipo wengi hukwama. Mipangilio ya simu ni ya dakika tano, lakini kumwambia mama mkwe asiweke picha ya mjukuu Facebook ni kazi nyingine. Ukimwambia vibaya, utasikia ati umeanza kumnyima mjukuu.

Ongeeni kwanza nyinyi wazazi wawili, muwe na neno moja. Kisha kila mmoja azungumze na upande wake. Mwana amwambie mama yake mwenyewe. Piga simu, usiandike. Sema sababu kabla ya ombi. Kwa mfano: "Mama, matapeli siku hizi wanatumia picha za watoto kuomba watu pesa. Tumeamua picha za mtoto zikae kwetu sisi wa familia. Wewe ndiwe tutakutumia wa kwanza kila wiki, lakini tunakuomba usizipeleke mbele. Mtu akitaka kumwona, mwonyeshe kwa simu yako."

Neno la mwisho hilo ni muhimu. Nyanya anataka kujivunia mjukuu kanisani au kwenye chama. Akimwonyesha jirani skrini, amejivunia, na picha haijatoka kwenye simu yake.

Na timiza ahadi. Mtu anayepokea picha kila Jumapili hana haja ya kuomba kwa wengine. Kama nyanya ana kabambe isiyofungua picha, chagueni mjukuu mmoja anayeaminika aliye karibu naye amwonyeshe, au chapisha picha mbili tatu studio umtumie kwa mtu anayesafiri. Picha ya ukutani hakuna anayeisambaza kwa kubonyeza.

Picha ikigeuka kuwa mchango

Wakati mwingine mtoto anazaliwa kabla ya siku zake, na familia inahitaji msaada. Picha ya mtoto mwenye mirija puani inamgusa kila mtu. Matapeli wanajua hivyo. Wanaichukua, wanabadilisha jina na nambari ya kutuma pesa, na wanaipeleka kwenye vikundi vingine. Watu wanachanga, na mtoto mwenyewe hapati hata shilingi.

Kama mnachangisha, tumieni nambari moja ya mweka hazina anayejulikana, na mtaje kwenye ujumbe jina kamili litakalojitokeza mtu akituma pesa. Bili ikiweza kulipwa moja kwa moja kwa nambari ya malipo ya hospitali, bora zaidi. Uso wa mtoto si lazima uwepo. Jina la mzazi na nambari ya mtu wa kupigiwa vinatosha kwa wanaowajua.

Kama wewe ndiwe unayeombwa, piga simu ya kawaida kwa mzazi kwanza, usikie sauti yake. Akaunti ya WhatsApp inaweza kutekwa, na ujumbe ukaja kwa jina na picha ya dada yako. Kabla ya kuthibitisha malipo, soma jina linalojitokeza. Likiwa geni, simama. Ukigundua umetuma kwa tapeli, tupigie mara moja, kabla hajazitoa kwa wakala. Na mtu akidai amekutumia pesa za mtoto kimakosa, angalia salio lako mwenyewe kwanza, na usimrudishie kwa mkono wako. Mwambie apigie huduma kwa wateja.

Sheria inasema nini

Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na matumizi yenyewe yawe yanalinda maslahi yake. Hii si maneno ya karatasi tu. Mnamo Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliipiga shule moja ya Uthiru, Nairobi, faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Kwa hivyo kama kliniki, mpiga picha au duka la nguo za watoto limetumia picha ya mwanao kujitangaza bila kukuuliza, una haki ya kutaka iondolewe na kupeleka malalamiko kwenye ofisi hiyo.

Lakini sheria hiyo hiyo haiingilii mambo ya binafsi na ya nyumbani. Shangazi akisambaza picha kwa sababu ya furaha, huna wa kumpelekea kesi. Hapo mnabaki na mazungumzo yenu, ndiyo maana tumeyapa nafasi kubwa hapa.

Mtoto mwenyewe bado hajui kusema ndiyo wala hapana. Siku moja atapata simu yake, laini yake na akaunti yake ya pesa, na ataanza na sifa ambazo wakubwa walimwachia mtandaoni.

Kazi ya leo jioni, mtoto akilala: badilisha PIN kama ni tarehe ya mtu, washa ile nambari ya ziada ya tarakimu sita kwenye WhatsApp, na uangalie ni nani anayeona status yako. Kesho, mpigie mama simu.