Kodi ya mafuta isikofika

Oregon, jimbo la Marekani lililo kando ya Bahari ya Pasifiki, ndilo la kwanza nchini humo kutoza kodi kwa kila galoni ya petroli. Ilikuwa mwaka 1919, na kodi yenyewe ilikuwa senti moja. Fedha hizo zilielekezwa kwenye barabara na huko ndiko zinakokwenda hadi leo, kwa kuwa katiba ya jimbo imezifunga: marekebisho yaliyopigiwa kura mwaka 1980 yanataka kodi ya mafuta na ada za magari zitumike kwa barabara na shughuli zake tu. Anayelipa ni mwenye gari, basi na njia itengenezwe ya gari. Hoja hiyo ina haki ndani yake. Hata njia za baiskeli na za waendao kwa miguu, ambazo sheria ya mwaka 1971 ilizitengea angalau asilimia 1 ya fedha hizo, zinapata fungu kwa sababu zinaambatana na barabara.

Gati na reli haziambatani na chochote. Nguzo za gati zikioza, au daraja la treni ya mizigo likichoka, mfuko mnono kuliko yote ya usafirishaji jimboni hauruhusiwi kutoa hata senti. Matokeo yake mzigo ambao ungesafiri kwa treni unapakiwa kwenye malori, malori yanachakaza lami, na kodi ya mafuta inazidi kuhitajika kuziba mashimo. Kwa maoni yangu, hilo ndilo jeraha kubwa la mfumo huu, nalo halionekani kirahisi kwenye vitabu vya hesabu.

Mwaka 2005 Bunge la jimbo lilitafuta njia ya kupita pembeni. Lilianzisha programu ya Connect Oregon kwa dola milioni 100 zilizokopwa kwa hati fungani, deni lake likilipwa kwa mapato ya bahati nasibu ya jimbo. Chanzo hicho hakikuokotwa tu. Wananchi walipoidhinisha bahati nasibu mwaka 1984, walitaka mapato yake yakuze uchumi na kuzalisha ajira. Kwa hiyo haikumtosha mwombaji wa ruzuku kusema reli yake imechakaa. Ilimbidi aonyeshe ni viwanda gani vitaitumia na ni watu gani watapata kazi.

Walioruhusiwa kuomba ni bandari, viwanja vya ndege, reli na watoa huduma za usafiri wa umma, zikiwemo kampuni binafsi. Kila mmoja alitakiwa kuweka fedha zake mezani: asilimia 20 ya gharama katika awamu za mwanzo, baadaye asilimia 30. Kamati za wataalamu na za kanda zilipanga maombi kwa ubora, kisha Tume ya Usafirishaji ya Oregon ikaamua. Wapo wanaochukia kuona fedha za umma zikiingia kwenye reli ya kampuni. Mimi naona sharti la mchango ndilo lililoulinda umma, kwa sababu asiyeamini mradi wake hawezi kuugharimia karibu theluthi.

Mji wa bandari wa Coos Bay unaonyesha faida ya programu hiyo. Septemba 2007 kampuni iliyoendesha reli ya kutoka Eugene kwenda pwani ya kusini ilisimamisha treni, ikisema mahandaki yamekuwa hatari. Viwanda vya mbao vya eneo zima vikabaki na malori peke yake. Bandari ya Coos Bay iliinunua njia hiyo mwaka 2009, ikaikarabati kwa fedha zilizojumuisha za Connect Oregon, na mwaka 2011 treni zikarudi.

Programu yenyewe haikupata uthabiti. Awamu za 2005, 2007 na 2009 zilikuwa za dola milioni 100 kila moja. Zilizofuata, kuanzia 2011, hazikufika nusu yake. Mwaka 2013 miradi ya baiskeli na watembea kwa miguu nayo ikaruhusiwa kuomba katika fungu hilohilo lililokwisha kupungua.

Sheria kubwa ya usafirishaji ya mwaka 2017 ilileta vyanzo vipya, ikiwemo kodi ya dola 15 kwa baiskeli mpya ya dola 200 au zaidi. Lakini safari hii wabunge walichagua baadhi ya miradi wao wenyewe. Mmoja ulikuwa kituo cha Nyssa, mpakani na Idaho, cha kupakia vitunguu kwenye treni, kilichotengewa dola milioni 26. Wakulima wa Malheur, kaunti ilimo Nyssa, walikuwa na haja ya kweli, kwa maana masoko yao yako mbali sana upande wa mashariki. Gharama zikapanda, na ujenzi ukakwama. Mradi ule ulistahili kushindanishwa na mingine kabla ya kupewa fedha. Ushindani ungeibua mapema maswali magumu kuhusu ardhi, gharama na nani atakiendesha kituo, na jibu lolote lingewafaa wakulima kuliko kusubiri.

Sheria hiyohiyo iliweka kodi ya moja ya kumi ya asilimia 1 kwenye mishahara kwa ajili ya usafiri wa umma, iliyoanza kukatwa Julai 2018. Wenye mabasi sasa wanajua fedha zitaingia, hivyo wanaweza kuajiri dereva na kupanga ratiba ya mwaka ujao. Bandari na reli hazina uhakika wa namna hiyo, na kila mkopo unaolipwa kwa bahati nasibu unabana mapato ambayo shule na hifadhi za jimbo nazo zinayategemea.