Kuteguka kwa Shingo

Kichwa cha mtu mzima chapata uzito wa kilo 4 na nusu hata 5, kama mtungi mdogo uliojaa maji. Mzigo huo wachukuliwa mchana kutwa na shingo, nayo ni nyembamba. Ndani ya shingo mna mifupa midogo 7, iitwayo pingili, iliyopangwa mmoja juu ya mwingine. Twiga naye, kwa urefu wote wa shingo yake, ana pingili 7 tu. Pingili hizo hushikwa pamoja kwa kano imara, na misuli mingi huzizunguka ili kuzigeuza huku na huku. Katikati yake hupita mshipa mkuu wa fahamu utokao katika ubongo, upelekao amri mikononi na miguuni. Kwa hiyo shingo ikiumia, mwili wote waweza kupata habari.

Namna shingo iumiavyo

Abiria asimamaye katika lori huyumba nyuma lori liondokapo kwa ghafula. Miguu imechukuliwa mbele pamoja na sakafu, bali kiwiliwili chataka kubaki pale kilipokuwa. Ndivyo kilivyo kichwa motokaa igongwapo kwa nyuma. Kiti humsukuma mtu mgongoni, mabega huenda mbele upesi, lakini kichwa, kwa kuwa ni kizito wala hakina kitu cha kukisukuma, huachwa nyuma, na shingo hupindwa. Mara kichwa nacho hutupwa mbele kwa nguvu, kidevu kikaelekea kifuani. Hayo yote huisha kwa muda usiotimia nusu ya sekunde, wala misuli haipati nafasi ya kujikaza. Kano na misuli huvutwa kupita kiasi, na pengine nyuzi zake hukatika. Mwendo huo wafanana na mjeledi uchapwapo. Kwa hiyo daktari wa Marekani, Harold Crowe, aliufananisha na mchapo wa mjeledi katika mwaka 1928, na mfano huo umebaki. Mtu aangukaye kutoka mtini, au apigwaye kikumbo katika mchezo, aweza kuumia vivyo hivyo.

Dalili zake

Ajabu ya jeraha hili ni kwamba mara nyingi halijulikani saa ile ile. Mtu hutoka garini, akajikung'uta mavumbi, akasema kuwa yu mzima. Usiku au kesho yake shingo hukakamaa, asiweze kutazama kando ila kwa kugeuza mwili mzima. Kichwa humwuma kuanzia kisogoni, mabega huwa mazito, na pengine huona kizunguzungu, au hukosa usingizi.

Damu haitoki, wala kidonda hakionekani. Basi wako watu wamchekao na kumwita mvivu. Shaka hiyo si ya leo. Katika mwaka 1866 daktari John Eric Erichsen wa London aliandika habari za abiria walioumia katika ajali za magari ya moshi, ambao hawakuwa na alama kubwa mwilini, lakini walikuwa wakiteseka. Madaktari wengine walibisha, wakisema kuwa hofu ndiyo iliyowadhuru. Siku hizi yajulikana kuwa kano na misuli huweza kuumia bila alama yoyote katika picha ya eksirei, kwa maana picha hiyo huonyesha hasa mifupa. Tena yajulikana kuwa hofu nayo huchelewesha kupona. Kwa hiyo mgonjwa apaswa kusadikiwa, na kutiwa moyo pia.

Msaada wa kwanza na matibabu

Mtu aliyeumia katika ajali, akiwa hana fahamu, au shingo yamwuma sana kwenye mfupa, au mikono na miguu imekufa ganzi au haina nguvu, huenda pingili imevunjika. Huyo asivutwe wala kuketishwa, ila moto au hatari nyingine ikimkabili. Kichwa chake kishikwe kwa mikono miwili kisitikisike, hata waje watu wenye ujuzi. Mtu aweza kupooza akiinuliwa kwa haraka na rafiki wadhanio kuwa wanamwokoa.

Daktari akiisha kuona kuwa mfupa ni mzima, matibabu ni mepesi. Zamani wagonjwa walivikwa ukosi mnene shingoni kwa majuma mengi. Lakini katika mwaka 1995 jopo la wataalamu huko Quebec, katika nchi ya Kanada, lilipima maarifa yote yaliyopatikana, likaonya kuwa kupumzisha shingo muda mrefu huidhoofisha misuli na kukawilisha kupona. Basi mgonjwa hupewa dawa ya kutuliza maumivu kwa kipimo chake, na huwekewa kitambaa cha baridi siku za kwanza. Kisha huambiwa ageuze kichwa taratibu, kuume na kushoto, mara kadhaa kila siku, na kurudia kazi zake kidogo kidogo. Mzigo wa kuni au ndoo ya maji asijitwike kichwani mpaka maumivu yaondoke. Wala asikubali mtu asiye na ujuzi aivute au kuizungusha shingo yake kwa nguvu.

Kupona

Wengi hupona kwa majuma machache, au kwa miezi mitatu. Wengine hukawia zaidi, nao hupaswa kurudi kwa daktari. Akisikia ganzi mikononi, au miguu ikilegea, au akishindwa kuzuia mkojo, aende hospitali siku ile ile.

Kinga nayo ipo. Motokaa nyingi zina kiegemeo cha kichwa juu ya kiti. Marekani ilikilazimisha kwa viti vya mbele vya motokaa mpya tangu mwaka 1969. Watu wengi hudhani kuwa ni mto wa kulalia, wakakiacha chini. Kazi yake ni kukizuia kichwa kisitupwe nyuma; basi hupaswa kuwa juu, sawa na kichwa, karibu na kisogo. Naye dereva aachaye nafasi ya kutosha mbele yake huziokoa shingo za watu asiowajua.

Maswali

1. Kwa nini kichwa hubaki nyuma motokaa igongwapo?
2. Kwa nini picha ya eksirei haitoshi kuonyesha jeraha hili?
3. Ni mgonjwa gani asiyefaa kuinuliwa, na ni yupi afaaye kuigeuza shingo yake?