Lenzi Kwanza, Kamera Baadaye

Ndugu zetu walioko Nakuru, ambao wana wao hucheza mpira wa kikapu na wa wavu katika kumbi za shule, wametuuliza wanunue kamera ipi. Rai yetu ni kwamba fedha zianzie kwenye lenzi. Jicho la mwanadamu huizoea taa hafifu ya ukumbi, kamera haiizoei. Lenzi ya kawaida iuzwayo pamoja na kamera, ikivutwa karibu, tundu lake hukomea f/5.6. Lenzi ya milimita 85 yenye f/1.8 huingiza mwanga takriban mara kumi zaidi. Hivyo shata huweza kufunga kwa 1/500 ya sekunde, na mchezaji arukaye asitoke kama moshi. Mwili wa kamera waweza kuwa wa mtumba, mradi ISO 3200 itoe picha safi. Fleshi tuiache, kwani huwakera wachezaji macho.

Juu ya yote, tuombe idhini. Picha ya binti wa mwenzio ni amana: mzazi akikataa isipigwe, na iliyopigwa isisambazwe pasipo ruhusa yake.